Taji la Mwenye Farasi

Mwaka 2004 mtangazaji wa televisheni wa Uingereza, Jeremy Clarkson, alikwenda Ujerumani na Jaguar S-Type, sedani ya dizeli, akiwa na nadhiri moja tu: kuumaliza mzunguko wa Nordschleife, uwanja mkongwe wa Nürburgring, chini ya dakika kumi. Alifundishwa, akakosea, akarudia, hadi saa ikamwonea huruma: dakika 9 na sekunde 59. Kisha mwalimu wake, Sabine Schmitz, akaingia katika gari lilelile. Dakika 9 na sekunde 12.

Sekunde 47 si mchezo. Zote zilikuwamo ndani ya gari lile tangu mwanzo. Injini ileile, lami ileile, kilichobadilika ni mtu. Wala Schmitz hakuishia hapo. Alitamba kwamba muda kama wa Clarkson yeye angeupata hata kwa gari la mizigo, na mwaka uliofuata kipindi cha Clarkson kikamletea Ford Transit ya dizeli, gari la ukoo mmoja na Hiace zinazobeba abiria wa daladala na matatu. Alitumia dakika 10 na sekunde 8. Majigambo yake yalimshinda kwa sekunde tisa, na bado ndiye aliyetoka pale na heshima.

Kila dereva wa ridhaa mwenye gari la kawaida anakipenda kisa hiki na hukitumia kama rungu. Mwenye gari kubwa naye ana jibu lake: mpeni Schmitz gari lenye nguvu, kisha mtuambie kama nguvu si kitu. Ubishi huu haukauki kwenye viwanja ambako wahasibu, madaktari wa meno na mafundi bomba hupeleka sedani zao mwisho wa wiki kushindana na saa. Pale Nordschleife, siku uwanja unapofunguliwa kwa umma, mtu yeyote mwenye leseni hulipa getini akaingia; kupima muda ni marufuku, na kila mtu anaujua muda wake. Kwa juujuu ni ubishi wa magari. Chini yake kuna swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelizunguka karne na karne: mtu akishinda, ni kipi hasa katika ushindi ule kilicho chake?

Kabla ya kupanda huko, ni vema kushuka kwanza kwenye kona. Kona ina sheria yake, na sheria hiyo haiangalii mkoba wa mtu. Chukua kona ya lami kavu ambayo, kama ingekuwa duara kamili, ingepimwa mita 50 kutoka katikati hadi ukingoni. Kwa tairi nzuri za barabarani, gari litaipita kwa takriban kilomita 80 kwa saa. Likizidisha hapo, linatoka nje. Katika hesabu hiyo hamna mahali pa kuandika nguvu za injini. Uwe na farasi 150 au 700, anayeamua ni mshiko wa tairi.

Sasa mtazame dereva wa ridhaa anapoifikia kona hiyo na sedani ya farasi 500. Amekuja kwa kasi kwa sababu injini imemleta, si kwa sababu amejiandaa. Hofu inamshika mapema mno, anakanyaga breki kabla ya wakati, tena kwa kusitasita. Anaingia konani taratibu kuliko ilivyohitajika, anagundua, anajilaumu, na katikati ya kona anakanyaga mafuta ili afidie. Pua ya gari inaanza kusukumwa nje. Anashtuka, anainua mguu ghafla. Uzito uliokuwa umeegemea nyuma unarukia magurudumu ya mbele. Ya nyuma yanabaki mepesi na kuanza kuserereka. Yote hayo ni sekunde mbili, tatu. Dereva stadi hufanya mambo machache kuliko hayo: breki moja nzito, iliyochelewa, anayoiachia kidogokidogo huku akikata usukani. Kisha anasubiri. Kusubiri huko, wakati kila kiungo cha mwili kinataka kufanya jambo, ndiko kugumu kuliko yote. Gari likishaielekea njia ya kutokea, anafungua mafuta mara moja na hayafungi tena, na kilomita tano kwa saa za ziada anazotoka nazo pale huzibeba hadi mwisho wa mnyooko.

Ndiyo maana siku za mazoezi huzaa kioja kinachojulikana na wote: sedani kubwa inawaacha wenzake kwenye mnyooko, halafu kona zikianza inageuka kuwa foleni.

Lakini anayesema nguvu si kitu naye anajidanganya. Upinzani wa hewa hudai karibu mara nane ya nguvu ili mwendo uongezeke mara mbili, kwa hiyo mwenye injini dhaifu hufika mwisho wake mapema, awe bingwa au awe nani. Mwaka 2016 dereva Fabio Francia aliizungusha Alfa Romeo Giulia Quadrifoglio, sedani ya milango minne yenye farasi 510, katika Nordschleife hiyohiyo yenye kilomita 20.8 na kona zaidi ya 70, kwa dakika 7 na sekunde 32. Hakuna mkono wa binadamu utakaoifikisha Transit huko. Na mwenye kununua Giulia kama ile dukani, akafika nyumbani na funguo mfukoni, hajanunua hata sekunde moja ya Francia. Amenunua nafasi ya kuzitafuta.

Wayunani wa kale walilijibu bila aibu lile swali la ushindi ni wa nani. Katika mbio za magari ya farasi kule Olympia, taji halikuvishwa aliyeshika hatamu. Lilivishwa mwenye farasi. Mwaka 416 kabla ya Kristo, Alcibiades wa Athene aliingiza magari saba kwa mpigo, akachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya nne, kisha akajivunia ushindi huo mbele ya wenzake kama sifa ya kisiasa. Miaka ishirini baadaye, mwaka 396, mshindi alikuwa mwanamke wa Sparta, Kyniska, dada yake mfalme Agesilaos. Olympia haikuwa mahali pa wanawake kushindana, lakini farasi walikuwa wake, basi ushindi ukawa wake, na mwaka 392 akashinda tena. Xenophon, aliyemfahamu Agesilaos kwa karibu, anaeleza kwamba mfalme ndiye aliyemhimiza dada yake afuge farasi wa mbio, na alikuwa na lengo lake: kuwaonyesha watu kwamba ushindi wa namna ile ni ushahidi wa utajiri, haushuhudii ubora wa mtu.

Huo ulikuwa mtego wa kifalsafa uliotegwa uwanjani. Inafaa kuongeza kwamba Agesilaos hakuwa akimheshimu dada yake sana kwa kumtumia hivyo. Hoja yake ilikuwa nzuri, tabia yake hapa si ya kusifiwa. Lakini hoja inabaki. Kama taji linakwenda kwa anayelipia farasi, tunasifu nini?

Wengi wetu tungejibu haraka: basi tumsifu dereva. Farasi hununuliwa, ustadi haununuliwi. Jibu hilo linapendeza, ila halijafika mbali. Mwaka 1971 mwanafalsafa wa Marekani John Rawls alichapisha kitabu chake kuhusu nadharia ya haki, na humo akadai jambo lililowaudhi wengi: kwamba hakuna mtu anayestahili vipaji alivyozaliwa navyo, kama vile hakuna anayestahili kuzaliwa katika nyumba ya matajiri. Hata ile hamu ya kujituma, alisema, hutegemea sana malezi na mazingira ambayo mtu hakuyachagua. Robert Nozick alimjibu mwaka 1974 kwamba kwa mwendo huo mtu mzima atabomolewa vipandevipande hadi asibaki na chochote cha kujivunia. Wote wawili wana la kusema, na Sabine Schmitz ni mfano unaowafaa wote wawili.

Alizaliwa mwaka 1969 Adenau, mji ulio jirani na uwanja ule. Wazazi wake walikuwa na hoteli na mgahawa papo hapo Nürburg. Barabara ambayo Clarkson aliihangaikia kama msitu asioujua ilikuwa kwa Schmitz kitu cha utotoni. Aliizunguka mara maelfu, miaka mingi akiendesha BMW M5 iliyobeba abiria waliolipia kutishwa, na mwaka 1996 na 1997 alikuwa miongoni mwa washindi wa mbio za saa 24 za Nürburgring kwa BMW M3, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Alipofariki mwaka 2021 kona ya kwanza ya uwanja ikapewa jina lake. Je, alistahili zile sekunde 47? Angezaliwa Dodoma au Dakar, mkono huohuo na jicho hilohilo vingeweza kuishia kuendesha lori, au jahazi, au visiendeshe kitu.

Upo mfano mwingine ambao kwa mtazamo wa kwanza huonekana kuumaliza ubishi, na ukiukaribia unauchochea. Tarehe 12 Mei 1984, uwanja mpya wa Nürburgring ulifunguliwa kwa mbio za sedani za Mercedes-Benz 190E 2.3-16. Magari yote yalikuwa ya aina moja, yenye farasi 185 hivi, na vitini waliketi mabingwa wa dunia: Niki Lauda, James Hunt, Keke Rosberg, John Surtees, Jack Brabham na wengineo. Nguvu zikawa zimeondolewa katika hesabu. Barabara ilikuwa imeloa. Aliyeshinda hakuwa bingwa wa kitu chochote kikubwa bado: kijana wa Kibrazili wa miaka 24, Ayrton Senna, mbele ya Lauda. Hapa angalau, mtu angesema, tumemwona mtu bila mashine yake.

Lakini Senna hakuwa kwenye mpango. Nafasi ile ilikuwa ya Mbrazili mwenzake, Emerson Fittipaldi, ambaye siku hizo alikuwa amebanwa na mashindano ya Indianapolis. Kiti kikabaki wazi, kijana akaitwa. Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walikuwa wameijadili hali kama hii mwaka 1976, kila mmoja kwa insha yake, kuhusu namna bahati inavyoingia hata katika hukumu tunazotoa juu ya watu. Waliwaza dhamiri na makosa, hawakuwaza magari. Hata hivyo kiti cha Fittipaldi kinakaa vizuri katika hoja yao. Ukisawazisha injini, tairi na uzito, bahati hubadilisha mlango tu.

Wanatheolojia wa Kiislamu walikuwa na lugha ya jambo hili zamani. Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki Baghdad katika karne ya 10, ambaye msimamo wake katika itikadi ndio uliofuatwa na wanazuoni wengi wa Kishafii wa pwani yetu, alifundisha kwamba kila tendo, pamoja na uwezo wa kulitenda, huumbwa na Mwenyezi Mungu, na mwanadamu hulichuma tendo hilo. Haliumbi, analichuma, na kwa kulichuma linakuwa la kuulizwa yeye. Wapinzani wake walimcheka, wakasema tofauti ya kuumba na kuchuma haishikiki. Anayeitazama sedani ikiingia konani huenda akaielewa zaidi. Nguvu zile hazikutengenezwa na dereva, vipaji vyake hakujipa, barabara hakuijenga. Lakini mguu ulioinuka ghafla katikati ya kona ni wake, na mguu uliosubiri pia ni wake.

Hadithi zilizopokewa na Bukhari zina kisa ambacho waandaaji wa mashindano ya magari wangekitambua mara moja. Mtume Muhammad (S.A.W.) alishindanisha farasi Madina kwa makundi mawili. Wale waliokuwa wameandaliwa kwa mazoezi na kupunguzwa mwili walikimbia kutoka al-Hafya hadi Thaniyatul-Wadaa, umbali wa maili tano au sita; wasioandaliwa walikimbia kutoka hapo hadi msikiti wa Bani Zurayq, maili moja hivi. Abdullah bin Umar alikuwa mmoja wa walioshindana. Leo vilabu hugawa magari kwa ukubwa wa injini au kwa uwiano wa nguvu na uzito, na baadhi ya mashindano humwongezea mshindi kilo za kubeba katika mbio zinazofuata. Ni jitihada ileile: haki haiwezi kuwafanya farasi wawe sawa, ila inaweza kukataa kuwashindanisha wasiolingana. Na kipo kisa kingine, cha ngamia wa Mtume aliyeitwa al-Adhbaa, ambaye hakuwa akipitwa, hadi bedui mmoja alipokuja na ngamia wake mchanga akampita. Masahaba waliumia. Mtume akawaeleza kwamba ni kawaida ya Mwenyezi Mungu kukishusha kila kinachopanda katika dunia. Hakutafuta kisingizio kwa ngamia, wala hakumlaumu mpandaji.

Basi kama nguvu si zetu na vipaji si vyetu, ubishi wa madereva wa ridhaa umekufa? La. Umehama. Swali la nani anastahili linaweza kuachwa wazi, na bado ipo tofauti kati ya nguvu na ustadi ambayo hakuna hoja ya Rawls inayoifuta. Nguvu hukabidhiwa. Mwenye M5 akiuza gari lake Jumatatu, farasi wote wanaondoka na mnunuzi, na yeye anabaki yuleyule aliyekuwa kabla ya kulinunua. Ustadi haukabidhiki hivyo. Hauingii kwa mtu mpaka umbadilishe: jinsi anavyoona mbali, jinsi mwili wake unavyopokea hofu, jinsi anavyokubali kwamba tairi ina mwisho na mwisho huo hausogei kwa sababu yeye ana haraka. Anayesifiwa kwa ustadi anasifiwa kwa alivyokuwa. Anayesifiwa kwa nguvu za gari anasifiwa kwa alichonacho, na sifa hiyo inafaa pia kwa fundi, kiwanda na benki iliyomkopesha.

Afrika Mashariki ina mtu wake katika habari hii, ingawa uwanja wake ulikuwa matope na vumbi. Joginder Singh wa Kenya alikuwa fundi magari kabla ya kuwa gwiji. Mwaka 1965 alishinda Safari Rally na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544, gari lililokwisha kutumika. Mwaka 1974 alishinda tena, safari hii kwa sedani ndogo ya Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6, na aliyemfuata alikuwa Björn Waldegård katika Porsche 911 yenye lita 2.7. Kumwita Joginder mnyonge aliyewashinda wenye nguvu ni kumpunja. Alilisikiliza gari kwa masikio ya fundi, akajua linataka nini kabla halijavunjika. Waliomwita Simba wa Kenya hawakuwa wakiizungumzia Lancer.

Hata hivyo ustadi usipandishwe cheo kupita kiasi. Aristotle aliona tofauti moja kati ya ustadi na uadilifu, na ni kali kuliko inavyoonekana. Katika ustadi, anayekosea kwa makusudi ni bora kuliko anayekosea bila kutaka: dereva anayewaserereshea watazamaji gari kwa hiari yake ni stadi kuliko yule lililomponyoka. Katika uadilifu ni kinyume. Anayedhulumu kwa makusudi ni mbaya zaidi. Kwa hiyo saa ya Nordschleife haisemi chochote kuhusu wema wa mtu. Historia ya mbio imejaa mikono ya ajabu ya watu ambao usingependa kula nao meza moja, na Senna mwenyewe, kwa yote aliyojaliwa, mwaka 1990 kule Suzuka alimgonga mpinzani wake Alain Prost katika kona ya kwanza, na baadaye akakiri kwamba alikuwa amekusudia kutompisha.

Na mashine zenyewe zimeanza kuingia upande wa ustadi. M5 ya kwanza, ya katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa na farasi 286 na uzito wa kilo 1,400 na kitu. Ya mwaka 2024 ina farasi 727 na uzito wa kilo 2,400 na ushei. Anayeiwezesha isimuue mwenye nayo kila mvua inaponyesha ni kompyuta. Mfumo wa kudhibiti mserereko, ambao Mercedes-Benz waliuingiza kwa mara ya kwanza katika S-Class mwaka 1995, huhisi gari linapoanza kuponyoka na kushika breki ya gurudumu moja peke yake, haraka kuliko mguu wowote. Yule dereva aliyeinua mguu ghafla konani leo anaokolewa bila hata kujua. Ni jambo jema. Watu wengi wako hai kwa sababu hiyo. Lakini mwisho wa siku anaweza kurudi nyumbani akiamini amejifunza, kumbe kosa lake limesahihishwa mara arobaini na mwalimu asiyesema. Mgawanyo wa nguvu kwa mashine na ustadi kwa mtu hausimami tena wima kama zamani, na waandaaji wa mashindano ya ridhaa watalazimika kuamua kama vifaa hivyo vizimwe au vihesabiwe kama farasi wa ziada.

Mshairi wa Wayunani wa kale, Homer, aliliona vurugu hili lote katika mashairi ya Iliad, kwenye mbio za magari ya farasi za mazishi ya Patroklos. Mzee Nestor anamwambia mwanawe Antilochos kwamba farasi wake ndio wazito kuliko wote, na anamfundisha namna ya kuikata nguzo ya kugeuzia kwa karibu bila kuigusa. Mbio zinaisha kwa ugomvi. Eumelos, mwendeshaji bora kuliko wote, anafika wa mwisho kwa sababu mungu mmoja amemvunjia nira. Achilles, mwandaaji wa mbio, anamwonea huruma, anataka kumpa zawadi ya pili. Antilochos, aliyefika wa pili kwa kumbana Menelaos penye njia nyembamba, anakataa kabisa kuitoa. Eumelos anatafutiwa dirii ya shaba. Menelaos analalamika kwamba amepitwa kwa hila na farasi dhaifu, Antilochos anamwachia yule farasi jike wa zawadi, naye Menelaos, hasira ikishapoa, anamrudishia. Kila mmoja anadai kwa kigezo chake: ubora, nafasi ya kufika, nguvu za farasi. Mwishowe inabaki zawadi ya tano, chombo chenye mishikio miwili, kisicho na mwenyewe. Achilles anakibeba katikati ya mkutano na kumpa Nestor, ambaye siku hiyo hakushika hatamu wala hakuwa na umri wa kuzishika.